Mkaguzi wa Nyumba, Mtu Asiyependwa na Mtu

Katika ununuzi wa nyumba ya kupangisha jijini Dar es Salaam, kila anayeuzunguka mkataba hulipwa kwa habari njema, isipokuwa mtu mmoja. Dalali, yaani anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi kwa ujira unaotegemea bei, haambulii kitu biashara ikivunjika. Hata mthamini, ambaye kazi yake ni kukadiria thamani ya nyumba na si kupanda darini kukagua mbao zilizoliwa na mchwa, hutoa takwimu ambayo mnunuzi huipokea kama pongezi. Mkaguzi pekee, ambaye mara nyingi ni fundi mkongwe au mhandisi aliyekodiwa kwa siku moja, hulipwa ili aseme ubaya, na kwa hiyo huchukiwa kabla hajashuka kwenye bodaboda.

Mnunuzi humwita kiangazi, msimu ambao hakuna bati linalovuja wala shimo la choo linalofurika. Masika, yaani mvua kubwa za Machi hadi Mei, yangefichua yote bila malipo, ila wakati huo barabara ya kuingilia imekuwa mto na mnunuzi hafiki, jambo ambalo lenyewe lilistahili kuandikwa kwenye ripoti.

Kisha lipo suala la chumvi. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wa pwani wenye chumvi hutoa unga mweupe na kubambua plasta kuanzia chini, na muuzaji mwerevu huutibu kwa kuupaka rangi juma moja kabla ya ugeni. Mkaguzi anapougonga kwa kifundo cha kidole na kusikia mlio wa uwazi, mnunuzi, ambaye kichwani mwake amekwisha kupokea kodi ya miezi sita ya vyumba vyote, humsihi asigonge sana asije akaharibu nyumba ya watu. Juu ya paa mambo hayawi mepesi. Geji, ambayo ni kipimo cha unene wa bati, huhesabiwa kinyume, kiasi kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Mnunuzi aliyekuwa akijisifu kwa namba kubwa huelezwa ukweli huo mbele ya watu, na papo hapo dalali hukumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Ajabu ni kwamba ripoti, ambayo ingefaa kumshushia muuzaji bei, mara nyingi hutumika kumbembeleza mkaguzi apunguze ukali, kana kwamba nyufa zitapungua pamoja na maneno.

Msaada wa kweli ungetoka kwa wapangaji, kwa kuwa ndio wanaojua bomba gani hukauka na nani hulipia wengine umeme kwenye mita moja ya LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Bahati mbaya, mpangaji anayehofia mwenye nyumba mpya kupandisha kodi hutaja kasoro zote, zikiwemo zisizokuwepo. Mkaguzi mzoefu huandika kila analoambiwa, hupunguza theluthi, kisha huomba ngazi akatazame jambo moja ambalo mpangaji hakulitaja kabisa, ambalo kwa kawaida ni waya aliouvuta mwenyewe, usiku, kutoka kwenye mita ya jirani.