Mtambo Haulali, Ila Jumapili

Itifaki izingatiwe. Mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa kikao, ambaye nimemwomba asije ili muda utoshe. Ndugu waandishi wa habari mliopanda daladala kutoka mjini hadi hapa Kimandolu, Arusha: karibuni. Suala la nauli tutalizungumza mwishoni. Nimesema mwishoni, kaka, rudisha mkono.

Nianze na mimi. Wapo wanaoniita Daktari, nami sijawahi kuwakatiza, maana kumkatiza mtu anapoongea ni utovu wa adabu. Cheti mnachokiona ukutani nilikipata Nairobi, kwenye warsha ya siku mbili ya akili mnemba. Siku ya kwanza basi lilikwama Namanga. Siku ya pili walikuwa wanagawa vyeti. Atakayesogea sana ataona neno "ushiriki", kwa hiyo naomba tukae tulipo.

Sasa mada. Mada ni mitambo inayosoma nyaraka za umma usiku na mchana, halafu ikamnong'oneza mhariri: hapa pana stori. Hukumu za mahakama, zabuni, ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mtambo unafungua tovuti, unalinganisha cha leo na cha jana, unaokota majina na fedha, na ukiona kitu hakikai sawa unapiga kengele. Mtambo wangu, kwa mfano, hulidaka Gazeti la Serikali kila Jumatano, siku linapotoka. Nani kasema Ijumaa? Asante, mpwa wangu. Linatoka Ijumaa. Jumatano tunajiandaa.

Wenzetu Marekani wako mbali. Gazeti la Los Angeles Times lina programu inayopokea taarifa za idara yao ya jiolojia na kuziandika habari. Machi 2014 ardhi ilitikisika alfajiri, mwandishi aliyeitunga programu hiyo, Ken Schwencke, akashtuka usingizini, akakuta habari imeshaandikwa inamsubiri abonyeze tu. Dakika tatu hivi, gazeti likawa la kwanza. Dakika tatu! Mimi tai hii peke yake imenichukua ishirini, na bado mnaona ilivyo.

Programu hiyohiyo, Juni 2017, ikatangaza tetemeko la kipimo cha 6.8 huko Santa Barbara. Tetemeko la kweli kabisa. Lilitokea 1925. Wataalamu walikuwa wakirekebisha kumbukumbu ya zamani, tarehe ikaingia kama 2025, na mtambo, ukiwa mwaka 2017, haukuona ajabu yoyote. Ni sawa na mtu wa hapa kupiga mbiu kwamba Mlima Meru umelipuka, watu wahame, kumbe anasoma habari za 1910. Habari hii nimeisoma mbele yenu kwa sababu ilikuwa kwenye karatasi hii niliyoishika, upande wa chini. Nilidhani ni sifa inaendelea.

Tuuache Meru, ingawa una mita zaidi ya 4,500 nami nimeupanda mara nyingi, kwa macho, nikiwa kibarazani.

Twende Atlanta. Mwaka 2016 gazeti la Atlanta Journal-Constitution lilitumia mtambo kuchambua nyaraka zaidi ya 100,000 za madaktari waliofikishwa mbele ya bodi zao, kutafuta waliowadhalilisha wagonjwa kingono. Mtambo ukapunguza rundo. Kisha waandishi wakakaa chini wakasoma wenyewe zile zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa maelfu. Sehemu hiyo haina msisimko, mimi huwa naivuka.

Na hapa nyumbani je? Aprili 2018, ripoti ya CAG ya mwaka 2016/17, Zitto Kabwe, mbunge wakati huo, akaibua hoja ya shilingi trilioni 1.5, tofauti kati ya zilizokusanywa na zilizotumika. Serikali ikatoa maelezo, nchi nzima ikawa wahasibu. Mnajua alitumia mtambo gani? Mpwa wangu ananiambia alitumia kutoa. Kutoa! Kile cha darasa la pili. Hili litaharibu biashara.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 kujibu ombi la mwananchi. Nimewahi kuijaribu, kwenye ofisi nisiyoitaja. Ombi langu lilikuwa na kurasa nne, wasifu wangu ukiwa tatu na nusu. Walijibu haraka sana. Waliuliza: "Unaomba nini?"

Swali gumu sasa, nimeliona machoni mwa yule dada mwenye daftari: hukumu iliyotolewa Arusha hii, Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki iliposema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari vinakiuka mkataba wa jumuiya, mtambo wako uliidaka? Dada, mahakama ile iko kilomita chache kutoka kiti ulichokalia. Haikudakwa. Mwaka ule mtambo wangu ulikuwa kidato cha pili.

Ndiyo, naona mnatazamana. Nifafanue kitaalamu. Mtambo wa Marekani utafanya nini mbele ya karatasi iliyogandishwa kwenye ubao wa matangazo, nusu imelowa mvua, muhuri umekaa juu ya tarakimu, na kwenye tarehe pamebandikwa tangazo la mganga? Utalia. Wangu unainua kona ya tangazo la mganga kwa kucha. Unapita ofisi ya kata, unapita mahakamani, unapiga picha kwa simu, jioni unaandika kwenye daftari nani alikuwa nani mwaka jana. Hauhitaji umeme, ni chai ya maziwa na chapati mbili. Haulali, ila Jumapili uko kwaya. Ukiniita "mjomba" mbele za watu huwa nausahihisha. Nimeuomba useme "Mkurugenzi".

Umesimama kwa nini? Unasema asubuhi umeona kwenye ubao kwamba leo saa tisa kuna mkutano wa wananchi, mapato na matumizi ya mtaa yanasomwa? Na sasa ni saa ngapi? Tisa kasorobo. Vizuri sana! Hapo, ndugu waandishi, mmeshuhudia mfumo ukifanya kazi papo kwa papo, na sasa nitawaeleza kwa saa moja jinsi nilivyoubuni.

Mbona mnabeba mabegi? Dada, hata wewe? Kaka wa nauli, wewe angalau kaa... Mpwa wangu, usiende nao, funguo za ukumbi unazo wewe! Na mkifika huko, mtu aandike tafadhali kwamba chanzo cha habari ni mimi. Daktari, herufi kubwa.