Manyoya ya Bure Yana Wenyewe

Traverse City, Michigan

Kwa Mjomba, Shangazi na wote wa Kisauni mtakaosomewa barua hii,

Wasiwasi wangu ni juu ya Mjomba na biashara yake mpya.

Ujumbe wake wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na jogoo wa jirani aliyekuwa akimdakia maneno. Ameiona ile picha niliyopiga bustanini kando ya ziwa, mabata bukini wamejaa majanini na manyoya yametapakaa kila pahali, akakumbuka nilivyomsimulia kwamba huku kuna watu wanaovulia samaki kwa manyoya. Akapiga hesabu papo hapo. Nichukue gunia, niokote, niuze, pesa tugawane nusu kwa nusu kwa kuwa wazo ni lake. "Mali imelala chini, nawe wairuka tu!"

Mjomba, mali hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni serikali.

Kwa wale ambao hawakusikia mwanzo wa hadithi: huku mtu mzima, mwenye akili zake na pensheni yake, huvua samaki aitwaye trauti kwa kumghilibu na mdudu wa bandia. Nyungunyungu hataki, dagaa hataki. Hutwaa ndoana, akaivika uzi na manyoya mpaka ifanane na kidudu kilichotua majini, kisha akasimama mtoni tangu asubuhi. Akimpata samaki, humbusu kwa macho na kumrudisha majini. Msinicheke mimi. Hata kwetu Kenya trauti wapo katika mito ya Aberdare tangu mwaka 1905, alipowaleta Ewart Grogan kutoka Scotland, na Nairobi ziko karakana zinazofunga nzi hao wa bandia na kuwauza ng'ambo. Huenda Mmarekani anayejisifu hapa mtoni amefungiwa nzi wake na mtu wa Kawangware.

Jirani yangu, mzee mstaafu, hufunga mwenyewe. Juu ya meza yake pana jiliwa dogo lililobana ndoana isiyofika ukubwa wa punje ya mchele. Kazi yake kubwa ni nzi aitwaye Adams, ambaye kwao ni hapa hapa: alifungwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Len Halladay wa kijiji cha Mayfield, akajaribiwa katika mto Boardman. Mzee huchukua unyoya wa shingo ya jogoo, wenye mistari ya kijivu na nyeupe, na mwingine wa hudhurungi. Huushika kwa koleo, akauzungusha pale nyuma ya tundu la ndoana, na vile vinyuzi vya unyoya vikasimama pande zote. Ndivyo vinavyomfanya nzi aelee. Wakati huo hapumui wala hataki kusemeshwa.

Nikamuuliza kuhusu manyoya ya bustanini. Akaliweka koleo chini. Ndipo nikapata darasa la sheria ambalo sikulilipia.

Iko sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama, iliyotokana na mkataba wa 1916 baina ya Marekani na Uingereza, ambayo iliweka saini kwa niaba ya Kanada. Inalinda zaidi ya aina 1,000 za ndege. Bila kibali huruhusiwi kumuua ndege wa aina hizo, wala kumiliki yai lake, kiota chake au unyoya wake. Hata unyoya uliodondoka wenyewe. Hata wa ndege aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha lako akafa kwa ajali yake mwenyewe. Adhabu inaweza kufika faini ya dola 15,000 na kifungo cha miezi sita. Kwa unyoya! Na ukiwa wa tai, ndege wa nembo yao, hiyo ni sheria nyingine, ya 1940, kali zaidi. Manyoya ya tai hutolewa kwa wenyeji wa asili wa Marekani wa makabila yanayotambuliwa na serikali, kutoka ghala maalumu karibu na Denver, na mtu huweza kungoja miaka.

Sasa sikilizeni penye utamu. Bata bukini huyo huyo wa bustanini, mwindaji mwenye leseni akimpiga risasi katika msimu wa kuwinda, manyoya yake ni halali kununuliwa na kuuzwa kwa kufungia nzi wa kuvulia. Ni halali pia kwa mito na magodoro. Si halali kuyauza kwa kofia wala mapambo. Kwa hiyo aliyemuua yuko huru, na aliyeinama akaokota ana kesi ya kujibu. Unyoya mmoja ukiwa kwenye ndoana hauna neno, ukiuuza kwa fundi wa kofia umevunja sheria.

Kofia ndizo zilizoleta yote haya. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa mijini walivaa kofia zilizojaa manyoya, wengine ndege mzima. Mwaka 1886 Frank Chapman alitembea mitaa ya New York akihesabu kofia: katika 700, zenye manyoya zilikuwa 542. Yangeyange waliuawa makundi kwa makundi wakiwa kwenye viota, maana ndipo wanapoota yale manyoya marefu ya harusi, na makinda wakaachwa kufa njaa. Mwaka 1905 huko Florida, mlinzi wa ndege aitwaye Guy Bradley alipigwa risasi akafa akijaribu kuwazuia wawindaji. Kwa hiyo ukali wa sheria nimeuelewa. Afisa akikukuta na unyoya mkononi, hana njia ya kujua kama uliokotwa au ulinyofolewa. Ingeachwa njia ya waokotaji, kila muuaji angekuwa mwokotaji.

Lakini kuna kifungu kilichonikohoza. Sheria inalinda ndege wazawa tu. Shomoro wa mjini, njiwa wa mjini na kwezi wa Ulaya, aliyeachiliwa kule Central Park mwaka 1890, hawamo. Hao ni wageni, walivuka bahari, hawana mtetezi. Wanyonyoe upendavyo, na mzee anasema manyoya ya kwezi yanafunga nzi wazuri sana. Mimi na kadi yangu ya ukaazi tulinyamaza kidogo.

Na kunguru, je? Nyie ambao mwaka 2024 mlisikia Shirika la Wanyamapori likitangaza kuwaangamiza kunguru milioni moja huko Pwani, kaeni chini. Kunguru wa huku aliingizwa kwenye orodha ya wanaolindwa mwaka 1972. Anatembea barabarani kama diwani.

Anayenufaika na haya yote ni kuku. Hakuna sheria ya ndege wanaohama inayomgusa, kwa hiyo wafugaji wamechagua majogoo kizazi baada ya kizazi kwa urefu wa manyoya, wala si kwa nyama. Ngozi ya shingo ya jogoo mmoja, ya daraja la juu, huuzwa zaidi ya dola 100. Mwaka 2011 wasusi wa Marekani waligundua kwamba manyoya hayo yanapendeza kwenye nywele, wakayanunua madukani mpaka wavuvi wakakosa, bei ikaruka. Mzee jirani bado anawataja wasusi wale kwa uchungu. Mjomba, badala ya gunia, mtazame vizuri huyo jogoo anayekudakia maneno.

Sasa Shangazi. Nimesikia umeshakusanya manyoya ya kanga, meusi yenye vidoa vyeupe, na unamngoja yule kijana anayekuja Desemba umpe aniletee. Mapenzi yako nayajua, lakini naomba uyaache hapo hapo. Kama ni ya kanga wa porini, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali hata kuwa nayo. Kama ni ya kanga wa kufugwa, wakaguzi wa uwanja wa ndege huku watataka karatasi kwa sababu ya homa ya ndege, na kijana atakosa ndege ya kuunganisha. Manyoya ya kanga yanauzwa hapa dukani, kwenye kipakiti, bila matata.

Mpe halua tu. Ile nyeusi, na usisahau kumfungia vizuri.

Wenu wa Michigan.