Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Mheshimiwa Mfumo,
Popote ulipo (hewani, ingawa mara nyingi hupatikani).

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MASKINI ALIYEKAMILISHA MALIPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa niaba ya sisi wa Bunda, Butiama na Musoma tunaotakiwa kuanza mwaka wa kwanza chuoni. Hatujambo, isipokuwa salio. Adabu ilitaka tukuletee barua hii kwa mkono, lakini kila ofisi tuliyoingia ilituambia kwamba mwamuzi ni wewe, na kwamba hata wao hawajawahi kukuona.

Nianze na shukrani. Umetuondolea usumbufu wa kujiuliza tunataka kusoma nini. Kazi hiyo sasa inafanywa na kijana wa stesheneri jirani na stendi ya Bunda, mwenye nywila za nusu ya wilaya. Anatazama matokeo ya mtu, anatazama viatu vyake, kisha anabofya. Mwenzangu wa mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia) alitaka utalii, maana Serengeti iko nyuma ya nyumba yao. Akaambiwa achague ualimu wa kemia, ndio wenye kipaumbele cha mkopo. Mimi niliyetaka historia niliambiwa historia ni somo zuri sana kwa mtu ambaye baba yake ana mabasi.

Kisha ukafungua dirisha la kwanza la udahili, la pili, na la tatu. Mlango sikuuona. Aliyechaguliwa na vyuo viwili alitakiwa kuthibitisha kimoja kwa tarakimu za siri zinazotumwa kwenye simu. Simu ni ya baba, baba yuko mnadani, na simu imeisha chaji.

Lakini hayo ni madogo. Nimekuandikia kuhusu umaskini, ambao kwako, Mheshimiwa, unahitaji mtaji.

Ada ya kuomba mkopo ni shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili, nako kuna malipo. Fomu ipigwe muhuri na serikali ya kijiji, kisha wakili au hakimu athibitishe kwamba sina kitu, na wakili hathibitishi bure. Ongeza nauli, kuchapa, kuskani, na kurudia kuskani kwa sababu picha "imezidi ukubwa unaoruhusiwa". Mzee mmoja kijijini aliuza mbuzi wawili ili mwanawe aonekane hana mbuzi.

Ukaniuliza kipato cha mzazi kwa mwezi. Mzee wangu analima pamba. Pamba haina mwezi, ina msimu. Ukaniuliza idadi ya wategemezi. Nilitaka kuwaandika tembo, kwa kuwa ndio wanaokula mahindi yetu kabla yetu, lakini sikuona kisanduku cha wategemezi wasio na cheti cha kuzaliwa.

Hapo nikamkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alitoka Butiama kuja kuanza shule ya Mwisenge hapa Musoma. Sijui kama wewe ungemvusha. Baba yake, Burito, alikuwa chifu: bila shaka ungeandika "ana uwezo" na kumpa asilimia sifuri. Na chifu huyo alikuwa na wake 22, wakati kisanduku chako cha wategemezi kinapokea tarakimu moja. Leo Butiama ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la mtoto huyo.

Mimi umenipa asilimia 40 ya ada, nami sikatai, kwa maana mwenzangu wa kemia mwenye kipaumbele bado anasubiri awamu ijayo ya majina. Tatizo ni hili: chuo kinasema nilipe kwanza sehemu yangu ndipo nisajiliwe. Fedha ya mkopo inasema nisajiliwe kwanza ndipo itoke. Katikati kuna kontrol namba ya malipo, nayo muda wake umeisha nikiwa kwenye foleni ya kuuliza nifanye nini. Juu yake kuna bima ya afya 50,400, ada ya TCU (tume ya vyuo vikuu) 20,000, umoja wa wanafunzi, kitambulisho, na fedha ya tahadhari, nadhani kwa tahadhari ya mimi kufika. Na masomo ya hiari siwezi kuyachagua mpaka nilipe. Mwenzangu aliyelipa mapema ameshaona yamejaa, limebaki moja linalogongana na la lazima.

Bumu, yaani posho ya kujikimu, nalo najua lilipanda mwaka 2022, kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tunashukuru. Tatizo ni kwamba linahesabiwa kwa siku na kuja kwa mafungu ya miezi, na mama ntilie wa chuoni bado hajaunganishwa nawe.

Kwa heshima naomba mambo mawili. Anayeomba kuthibitishwa kuwa hana, asitozwe kabla ya kuthibitishwa. Na kati ya ofisi zile mbili zinazosubiriana, ya chuo na ya mkopo, iamuru mojawapo itangulie. Yoyote. Hata kwa kurusha sarafu. Sarafu tutachanga sisi.

Wako mtiifu,
Mwaka wa Kwanza (hajasajiliwa)

Nakala: Kijana wa stesheneri, aipunguze ukubwa kabla ya kuipakia.