Mshauri Ajibu: Binti Mzuri Mno, Viatu Vidogo na Gunia la Kakao

Barua ya kwanza imetoka Beni, kwa kijana anayejiita Aliyeachwa Barazani. Kisa chake ni kifupi. Alimwambia binti wa Kasese, mwalimu wa Kiingereza, "You are too beautiful." Binti akamuuliza, "Too beautiful for what?" Kisha akachukua mkoba wake, akavuka mpaka wa Kasindi kurudi kwao.

Mshauri wa safu hii anamsikitikia kijana huyo, ingawa si sana, kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kuachwa barazani. Yeye huachwa sebuleni, tena akiwa ameketi. Kabla ya dawa, wasomaji wakumbushwe wako mikononi mwa nani. Huyu ndiye bingwa ambaye, kwa ushuhuda wake mwenyewe, aliwahi kufundisha vivumishi vya Kiingereza ndani ya teksi iliyojaa, katika kilomita 54 za barabara ya RN2 zinazotenganisha Butembo na Beni. Dereva alimshusha Maboya bila kumdai nauli. Mshauri anaamini ilikuwa heshima.

Mkosaji, kwa maoni yake, ni Kifaransa cha shule. Kijana wa Beni akipendezwa na wimbo husema "trop bien", na hapo anausifu. Akihamia Kiingereza, ile "trop" humfuata na kugeuka "too". Lakini "too" ya Kiingereza cha kawaida haisifu, inalalamika. Inasema kuna mpaka na kitu kimeuruka, ndiyo maana mara nyingi hufuatwa na "for" ya mtu au "to" ya kazi: kubwa mno kwa mtoto, moto mno hata hakinyweki. Mpaka usipotajwa, msikilizaji atauuliza, kama binti alivyouliza. Kijana alihitaji "very" au "so". Ni kweli kwamba Wanaijeria huambiana "you are too good" na kila mtu akafurahi. Binti, hata hivyo, hakutoka Lagos.

Ili somo limkae, Mshauri anamwagiza apike uji, aujaze katika mabakuli matatu, ayapange dirishani na kuyakemea kwa Kiingereza kila alfajiri: huu una moto mno, huu umepoa mno, huu sawasawa. Sifa ya dawa hii anagawana, kwa shingo upande, na mshairi Mwingereza Robert Southey, aliyechapisha mwaka 1837 hadithi ya dubu watatu. Hadi leo watoto wa Uingereza hujifunzia humo kulalamika juu ya uji, kiti na kitanda. Wengi hudhani mwizi wa uji alikuwa msichana tangu mwanzo. Kwa Southey alikuwa bibi kizee. Msichana aliingizwa na waandishi waliofuata. Mshauri angewapeleka dubu hao kwenye vilima vya Lubero, ambako uji hupoa kabla mtu hajamaliza kunung'unika, na hadithi ingekwisha ukurasa wa kwanza. Southey hakuomba ushauri.

Barua ya pili ni ya muuza viatu wa Butembo. Aliletewa sampuli kutoka Kikuubo, ule mtaa wa jumla wa Kampala, akaona viatu ni vidogo, akamwandikia mwenye duka: "Very small shoes." Mwenye duka akadhani ni agizo. Katoni nzima ya viatu vya watoto ikapanda lori.

Hapa Mshauri alivua miwani, ishara kwamba suala limefika anapopapenda. "Very" huongeza tu nguvu ya sifa ya kitu, wala haikikatai. Mfanyabiashara alitakiwa kuandika "too small for my customers", au "not big enough". Aangalie na mpangilio, maana Kifaransa humtega tena: "assez" hutangulia kivumishi, kwa hiyo mwanafunzi wa Butembo huteleza na kusema "enough big". Kwa Kiingereza kivumishi hutangulia, "enough" ikafuata. Ikija nomino mambo hugeuka, "enough money", na pesa husimama nyuma. Dawa: aandike "big" kwenye kiatu cha kushoto na "enough" kwenye cha kulia, kisha atembee hadi soko kuu akianza na mguu wa kushoto. Akianza na wa kulia, arudi nyumbani alale.

Na kwa kuwa ni muuza viatu, ajue pia kwamba namba zenyewe hazisemi lugha moja. Namba za Kifaransa huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita. Za Kiingereza huongezeka kwa theluthi moja ya inchi, kipimo kilichotokana na urefu wa punje ya shayiri. Mguu wa 42 kwa Mfaransa huwa karibu 8 kwa Mwingereza. Akiagiza "8" nayo ikasomwa kama ya Kifaransa, miguu itakayoingia humo bado haijazaliwa.

Kuhusu bei, Mshauri anatoa siri bure. Ukimwambia muuzaji wa Kikuubo "very expensive", atatabasamu na kukubali, kwani umesifia bidhaa yake. Sema "too expensive for me", na mazungumzo yataanza. Kwa maneno hayo Mshauri alijipatia mkanda unaomzunguka kiuno mara mbili. Anasema ndio mtindo. Tangu Kongo itie saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili 2022, amekuwa akisubiri kuitwa kuwa mshauri wa bei wa kanda nzima. Simu haijalia, lakini huwa inakosa mtandao.

Mama mmoja, mkulima wa kakao karibu na Beni, analalamika kwamba bintiye alikatwa alama kwa kuandika "This sack is too heavy to carry it." Mama, mwalimu alikuwa na haki, na Mshauri hasemi hivyo juu ya walimu wengine mara kwa mara. Mswahili husema gunia zito mno, huwezi kulibeba, na ile "-li-" humvuta aongeze "it". Kiingereza hakiitaki hapo, kwa kuwa gunia limekwisha kutajwa mwanzoni: "too heavy to carry", basi. Binti abebe gunia lenyewe akirudia sentensi. Uzito utamnyima pumzi ya kutamka neno la ziada.

Zimebaki barua nyingi na nafasi ni ndogo. Anayeuliza kati ya "too much big" na "much too big" ipi ni sahihi: ya pili. Anayeuliza kwa nini: mpiga picha wa jarida ameshafika, na Mshauri hajaamua ampe upande gani wa uso.