Haijaseti

Kiatu cha kulia kimetoka. Cha kushoto bado kiko kwa fundi viatu wa kona ya kwetu, anakigonga patasi taratibu, na kila nikipita anakinyanyua juu ili wateja waliokaa kwenye benchi wakione vizuri.

Nilikuwa mshenga. Hilo lieleweke mapema, maana mshenga haendi kwa watu kama mnunuzi wa mkaa. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na mtu mwenye hofu ya Mungu, koti, kofia ya viua, na viatu vya ngozi vya muoaji mwenyewe, aliyeniazima baada ya kuvitazama vyangu kwa muda mrefu bila kusema neno. Mfukoni nilikuwa na barua ya posa. Mwenzangu alishika bahasha ya kishika uchumba. Tulifika baada ya swala ya alasiri, tukapiga hodi, na mbele yetu palikuwa na baraza jipya, limesawazishwa vizuri, bado lina weusiweusi wa unyevu. Sauti ya binti ikatoka ndani: "Karibuni baba, lakini bado haijaseti!"

Mtu mwenye adabu zake akiambiwa hivyo saa kumi jioni, kwa watu wanaomsubiri, anaelewa nini? Anaelewa meza. Kila nyumba siku hizi wanaseti meza. Hakuna anayeandaa tena. Nikaona ni wajibu wangu kuwaondolea wenyeji fedheha. Nikapaza sauti, "Hamna neno mwanangu, hatukufuata chakula!" Kisha nikapanda barazani kwa mguu wa kulia, kama nilivyofundishwa utotoni.

Zege lilinipokea bila pupa. Lilijitenga kidogo, likapanda hadi kwenye kifundo cha mguu, likatulia. Nikapeleka wa kushoto mbele ili niupate ule wa kwanza, nao ukaenda. Mwenzangu, ambaye amelelewa kutomtangulia wala kumwacha mkuu wa msafara, akanifuata pamoja na bahasha yake.

Fundi akatokea nyuma ya nyumba na mwiko mkononi. Kijana mdogo, mwenye malezi. Alinitazama usoni, akanitazama miguuni, akasema lile ambalo kila mtoto wa watu husema akikutana na mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

Wajuzi wa lugha hutuambia kwamba salamu hii imetokana na "nashika miguu yako". Nimeipokea maisha yangu yote bila kuhisi chochote mguuni.

"Marahaba," nikajibu. Ningesema nini?

Sasa nikiri kwamba nilipokuwa nimesimama pale, nikisubiri kuchimbuliwa, nilipata elimu ambayo sikuipata shuleni. Nilikuwa najua zege hukauka, kama kanzu kwenye kamba. Fundi, akiwa amechuchumaa kisiginoni mwangu, akasema hapana mzee, halikauki, linakula maji. Nimekwenda kuhakikisha, na ni kweli kabisa. Saruji ni mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi vilivyochomwa pamoja tanurini kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha vikasagwa. Unga unaopatikana una kiu isiyo ya kawaida. Ukikutana na maji, kalisiamu na silika zilizomo hujiunga nayo na kuota vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyopenya kati ya punje za mchanga na kokoto na kusukana. Hapo ndipo linaposhika. Yale maji hayaendi popote, yanakuwa sehemu ya jiwe. Ndiyo maana zege linashika hata chini ya bahari, na ndiyo maana kesho yake fundi hupita na ndoo akilimwagilia badala ya kuliombea jua. Kiwandani huwa wanachanganya jasi kidogo kwenye ule unga, kwa sababu bila jasi ungeshika papo hapo kwenye karai na mwiko ukabaki umesimama wenyewe. Wahandisi hupima nguvu zake siku ya 28, na hata baada ya hapo linaendelea kukomaa. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza, alipewa hataza yake mwaka 1824 na akaiita saruji ya Portland, kwa kuwa iliporudi kuwa jiwe ilifanana na mawe ya Portland. Lakini pwani yetu ilikuwa imeshikamanisha mawe karne nyingi kabla ya Aspdin kuzaliwa. Husuni Kubwa ya Kilwa imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa, na chokaa ya namna hiyo hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa, polepole sana. Mshenga wa Kilwa angepata muda wa kutoa miguu yote miwili na kuomba radhi.

Mimi sikupata. Saruji mbichi pia huunguza ngozi, jambo ambalo fundi alinieleza huku akinimiminia maji na kuvua viatu viwili vya watu. Posa ilisomwa na mshenga pekupeku, kanzu imekunjwa hadi magotini. Ilikubaliwa. Mjomba wa binti alisema ukoo uliokwisha kuweka msingi haurudishwi.

Ninachouliza ni kimoja. Lugha yetu ina "bichi". Ina "halijashika". Binti angepaza sauti na kusema "zege bichi!" hata mbuzi wa jirani angesimama. Badala yake alikwenda kuchukua neno la herufi tatu kutoka ng'ambo, akalivisha viambishi vyetu, akanirushia.

Usiku ule, miguu ikiwa ndani ya beseni, nikamfuata mkosaji kwenye kamusi. Kamusi kuu ya Oxford, toleo la 1989 lenye majuzuu 20, ilikipa kitenzi "set" maana zaidi ya 400, kwa maelezo yanayofika maneno 60,000 hivi. Kusadikika nzima ya Shaaban Robert haifiki hapo. Jua likitua, set. Mfupa ukiungwa, set. Mtego ukitegwa, bei ikipangwa, mtihani ukitungwa, moto ukiwashwa, kito kikipachikwa kwenye pete, shairi likitiwa muziki, jeli ikiganda, safari ikianza: set, set, set. Sisi kwa kazi hizo tumeajiri vitenzi chungu nzima, kila kimoja na familia yake. Wao wamemkamata kibarua mmoja na kumpa zamu zote.

Na kibarua mwenyewe alianza kwa heshima. Waingereza wa kale walikuwa na sittan, yaani kuketi, na settan, yaani kuketisha. Walikuwa na mtambo wa kutengeneza vitenzi vya kusababisha kama wetu, ila wao waligeuza irabu ya katikati. Mtambo ule ulikufa zamani na umeacha vyuma vichache tu: sit na set, lie na lay, fall na lile fell la kuangusha mti. Wetu wa -isha na -esha bado unanguruma, na hauombi vipuri.

Nikadhani basi seti ya sufuria ni ileile, vitu vilivyoketishwa pamoja. Sivyo. Ile ni mgeni mwingine aliyepita mpakani kwa kufanana sura. Imetoka Kifaransa cha zamani, sette, na nyuma yake ni secta ya Kilatini, yaani wafuasi wa mtu, neno lilelile lililowapa Waingereza "sect", madhehebu. Kwa hiyo mama anayebeba seti ya sufuria kutoka Kariakoo amebeba madhehebu kamili, kubwa limetangulia na waumini wamejipanga ndani yake. Baadaye maneno haya mawili yalizoeana hadi watu wakasahau kwamba si ndugu.

Ningeendelea kucheka, ila mpwa wangu alikuwa pembeni na madaftari yake. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania hufundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka yote, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta vitabu vimegeuka Kiingereza. Kwenye hesabu set ni kundi la vitu. Kwenye fizikia anaambiwa a-set up vifaa. Kwenye jiografia jua ndilo lina-set. Kwenye kemia plasta. Hakuna mwalimu hata mmoja kati ya hao anayeona ni kazi yake kumwambia kwamba ni neno moja lenye vazi tofauti, au maneno mawili yenye vazi moja, kwa sababu hata mwalimu alifundishwa hivyohivyo, kwa kukariri na kuombea. Mtoto anajua jua linatua upande gani, amelitazama tangu alipoanza kutambaa. Anajua zege linashika, amebeba kokoto likizo nzima. Akiyaandika hayo kwa lugha aliyojulia anakosolewa, na anayemkosoa ataandika ripoti kwamba watoto wa siku hizi ni wazito. Kiatu changu kinagongwa patasi, na yeye je, anapelekwa kwa fundi gani?

Mashemeji zangu wasomi wanasema nitulie, set imeshapinduliwa. Ni kweli. Katika kupitia upya kamusi ile, mhariri wake Peter Gilliver alifanya kazi kwenye kitenzi "run" kwa muda wa miezi tisa na kutoka na maana 645. Miezi tisa, na kilichozaliwa ni neno jingine la herufi tatu.

Yaliyofuata kwangu ni madogo. Hotelini niliomba seti ya chakula cha mchana bila pilipili, nikaambiwa seti haivunjwi. Kijana wa jimu aliniambia nipige seti nyingine, nikamwuliza ya kwanza imekosa nini. Mke wangu aliporudi saluni alikokwenda kuseti nywele nilimwuliza zitashika lini, na tangu hapo tunaongea kwa kupitia watoto. Jana simu ikaniuliza kama tufanye "set up" sasa au baadaye.

Nikaizima.