Boneti ya Moto

Nina malalamiko. Miaka ishirini na sita nipo Dar es Salaam, nimekagua magari ya kuuzwa kuanzia Tegeta hadi Mbagala, na sijawahi kufika kwa muuzaji nikakuta injini imepoa. Sijui wanajuaje. Piga simu useme unakuja saa nne, saa nne boneti inachoma. Wavamie saa mbili bila taarifa, inachoma vilevile.

"Nimetoka kuwapeleka watoto shule, mzee wangu."

Jumapili.

Nayasema haya kwa uchungu maana mwezi uliopita nilikuwa natafuta Subaru Impreza WRX ya mkononi. Mama watoto anasema huo ni ugonjwa unaowapata wanaume wakigonga miaka arobaini na minane, na kwamba wenzangu wenye busara huumaliza kwa kununua viatu. Mimi nasema ni deni la zamani. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza, nikakata picha yake gazetini nikaibandika juu ya kitanda. Gazeti lenyewe halikuwa la rangi, kwa hiyo ile buluu niliiweka mwenyewe kichwani, na haijatoka mpaka leo.

Sasa, gari la kawaida la mkononi unauliza limetembea kilomita ngapi. Gari la mbio unauliza lilikuwa la nani. WRX ya mwaka 2004 ukiikuta mjini hapa imeshapita kwa vijana watatu au wanne, na kila mmoja kaacha alama yake. Wa kwanza kabadilisha bomba la moshi ili majirani wajue amerudi. Wa pili kaishusha chini, ikawa inapita matuta kwa kupinda kama nyoka. Wa tatu hakuwa na hela ya kubadilisha oili, ila hela ya rangi aliipata. Halafu wa nne anakutazama usoni na kukuambia, "Hii haijawahi kukimbizwa." Ni sawa na kuuziwa jogoo ukaambiwa hajawahi kuwika.

Wa nne wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, kofia kaigeuza nyuma, anakaa Mbezi. Gari lenyewe lilikuwa la buluu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana mtu anayekwenda kukagua gari hatakiwi kufika akitabasamu. Nilikwenda na fundi wangu, ambaye tumejuana miaka kumi na tano na nadhani katika miaka hiyo ameniambia maneno mia mbili. Kazi kubwa huifanya kwa "hm". Ana "hm" ya kawaida na ana "hm" ya kukutoa jasho.

Kijana akaanza na simu. Akatuonyesha picha ya karatasi ya mnada wa Japani, gredi 4, kila kitu safi. Karatasi nzuri kabisa, ila inaeleza gari lilivyokuwa kabla halijapanda meli. Ni kama kuposa kwa picha ya ubatizo. Kwenye dashibodi kilomita zilisomeka 78,000. Fundi akainama, akaonyesha pedali ya klachi: mpira umeisha mpaka chuma kinang'aa. Kisha akagusa ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango, pale makalio yanapoburuzika kila mtu akipanda na kushuka. Sponji ilikuwa inachungulia nje. Kilomita 78,000 hazimalizi kiti namna ile, labda dereva awe anashuka kila baada ya mita mia kusalimia watu.

"Hm," akasema fundi. Ile ya kawaida.

Matairi yalikuwa ya makampuni manne tofauti. Kila tairi ubavuni limeandikwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa, na pale tulikuwa na vizazi vitatu vya ukoo mmoja. Kwa gari jingine ungesema utanunua mengine. Kwa hili, nguvu inakwenda miguu yote minne, na matairi yasiyolingana kipimo yanaifanya difu ya katikati ibishane na nafsi yake njia nzima mpaka ife. Kijana akasema matairi ni kitu kidogo. Ni kweli, kila kitu katika gari lile kilikuwa kidogo isipokuwa bei.

Hapo nikaona niingie kazini mimi mwenyewe. Shemeji yangu alikuwa amenipa siri: chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, pitisha kwenye bodi lote. Penye bati itang'ang'ania. Penye puti itaanguka, nawe utajua gari liligonga nini. Nikapitisha milangoni, ikashika. Kwenye fenda, ikashika. Juu ya paa, ikashika. Nikaanza kulipenda upya. Nikaiweka kwenye boneti, ikateleza ikaniangukia kidole gumba cha mguu, na mimi siku hiyo nimevaa kandambili.

Nikapandisha sauti makusudi ili mlinzi na jirani wasikie. "Boneti nzima ni puti! Kijana, unaniuzia sinia la udongo!"

Kijana akamtazama fundi. Fundi akatazama chini. Kisha akanisogelea na kuninong'oneza, kwa upole unaouma kuliko kutukanwa: "Bosi, boneti ya hii ni alumini. Inatoka hivyo kiwandani. Sumaku haiwezi kushika."

Nadhani dakika ile ilinigharimu laki tano za kupatana bei. Kuanzia hapo kijana akawa ananieleza mambo taratibu, kama unavyomwonyesha mgeni wa mjini jinsi ya kutumia lifti.

Tukaomba kulijaribu barabarani. Akakubali, ila mafuta ni yangu, usukani ni wake, na muziki ni wake pia, muziki wa kutikisa vioo. Nikamwomba apunguze. Akapunguza kwa shingo upande, na hapo ndipo tukasikia tuliyokuwa tumefichwa: kila akikata kona kali, miguu ya mbele inalia ka-ka-ka-ka. "Vijiwe hivyo," akasema. Vijiwe vilitufuata kila kona mpaka tukarudi getini. Kwa upande mwingine, na hili sitalificha, alipokanyaga mafuta pale barabara ilipokuwa nyeupe na turbo ikaitika, nilisukumwa mgongo kwenye kiti, na kwa sekunde nne nilikuwa na miaka ishirini.

Nikarudi nyumbani sisemi. Kwenye nembo ya gari lile kuna nyota sita. Subaru ni jina la Kijapani la lile kundi la nyota ambalo wazee wetu waliliita Kilimia, wakalitazama wajue msimu wa kulima umefika. Mimi nililitazama nikajua msimu wa kufilisika.

Katikati ya wiki tulikwenda tena, saa kumi na mbili jioni, bila kupiga simu. Boneti ya moto. Alikuwa ametoka dukani. Duka liko mkabala na geti lake.

Ndipo fundi akatamka sentensi yake ndefu kuliko zote tangu tujuane. "Bosi, injini ya moto ni mgeni aliyeshaoga. Twende akiwa amelala."

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaegesha kigari changu nje ya geti lake. Mlinzi alidhani tumekuja na msiba. Nikaingia moja kwa moja na kuweka kiganja kwenye boneti kama mama anayepima homa ya mtoto. Baridi! Tena ilikuwa imelowa umande. Ningeweza kulia.

Kijana akatoka na kikoi, mswaki mdomoni, akatukuta fundi keshafungua. Kwenye kifuniko cha oili hakukuwa na ule ute wa rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji na oili havijachanganyika, tukashukuru. Akachomoa stiki, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Oili ilikuwa imelowesha ncha tu.

"Hm." Ile ya jasho.

"Washa," akasema.

Gari likawaka. Na likaongea. Ko-ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu anaowadai. Nyuma, bomba likatema moshi wa kibuluu, ukatambaa kwenye maua ya mama mwenye nyumba. Ule ndio moshi wa oili. Mweusi ungekuwa petroli, na mweupe mzito usioisha ungekuwa maji. Tukasimama tunasikiliza. Dakika mbili, tatu, nne. Injini ikaanza kupata joto, hodi ikafifia, moshi ukaisha, na pakawa kimya kizuri kabisa, gari lilelile la juzi, lenye adabu zake.

"Pistoni zimelegea," fundi akanieleza. "Zikipoa zinagonga ukuta wa silinda. Zikipata moto zinatanuka, kelele inakufa. Hiyo peke yake unaweza kuishi nayo miaka. Ila inakunywa oili, na huyu haongezi. Turbo na beringi haziwezi kuishi hivyo."

Nikamgeukia kijana kwa ushindi. Nilikuwa nimeiandaa hotuba ya kushusha bei tangu saa tisa usiku. Hakunipa nafasi. Alikuwa ameshatoa mswaki mdomoni na anatazama nje ya geti.

"Mzee wangu, hilo lako vipi? Tunaweza kubadilishana, wewe ukaniongezea."

Nikasema linaweza kuzungumzika.

"Naomba sumaku."

Nikampa. Akalizunguka gari langu bila haraka, kikoi chake kikiburuza umande. Mlango, ikashika. Paa, ikashika. Fenda ya nyuma kushoto, ting, chini.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Palichubuka kidogo tu," nikasikia mdomo wangu unasema.

Akaiokota. Akajaribu tena sentimita ishirini mbele yake. Ting. Fundi akageuka upande wa pili, mabega yakimcheza. Kijana akasogea mbele, akaweka kiganja kwenye boneti yangu, akakiacha pale.

"Ya moto," akasema. "Hebu tuingie ndani tunywe chai, mzee wangu. Ipoe kabisa, halafu uiwashe nisikie."

Nikatazama saa. Nikamwambia ningependa sana, ila inabidi niwahi kuwapeleka watoto shule.