Makinikia ya Tumboni

Ulaji wa Zama za Mawe, kama unavyoitwa na wanaoupigia debe, ni utaratibu wa kupunguza uzito unaomtaka mfuasi wake ale vile tu vinavyodhaniwa kuwa vililiwa na binadamu kabla ya kilimo kuanza, yaani nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, korosho na jamaa zake, pamoja na asali kidogo, na ajiepushe na nafaka, jamii ya kunde, maziwa, sukari ya kiwandani na mafuta ya mbegu. Kwa mkazi wa Shinyanga, Kahama, Geita au Katoro, aliyezungukwa na ng'ombe, mbuzi na samaki wa Ziwa Viktoria, utaratibu huu una mvuto wa pekee, kwa kuwa humruhusu mtu mzima kumaliza sahani ya nyama choma huku amekunja uso kama mgonjwa anayetii masharti ya daktari. Kwamba unamnyima ugali, katika nchi ambako aliyekula bila ugali huhesabiwa kuwa bado hajala, ni jambo ambalo mfuasi huligundua baadaye, kwa kawaida siku ya pili ikielekea saa saba mchana.

Historia ya mtindo huu ni fupi kuliko jina lake. Walter Voegtlin, daktari Mmarekani wa magonjwa ya tumbo, aliuandikia kitabu mwaka 1975. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaupa heshima ya kitaaluma kwa makala yao katika jarida la New England Journal of Medicine. Na mwaka 2002 Loren Cordain akauingiza sokoni kwa kitabu kilichosomwa na wengi. Zama za Mawe zinazozungumziwa hapa, kwa hiyo, zina umri wa miaka hamsini hivi.

Linalowasumbua wafuasi wengi ni mkwamo, yaani hali ya uzito kusimama mahali pamoja kwa wiki kadhaa ilhali mhusika anaamini kwamba hajavunja sharti hata moja. Wiki mbili za kwanza huwa za shangwe: kilo tatu au nne huondoka, mkanda hutobolewa tundu jipya kwa msumari, na ofisi nzima huhubiriwa ubaya wa chapati. Kisha mshale wa mizani hugoma, na hapo huanza kusakwa wa kulaumiwa, awe ni mizani yenyewe, mwili wa ukoo wa upande wa mama, au jicho la jirani aliyesifia sana wiki iliyotangulia.

Sehemu ya maelezo imo ndani ya shangwe yenyewe. Mwili huweka akiba ya wanga, ambao ndio kiini cha vyakula kama ugali, wali na viazi, katika ini na misuli kwa umbo liitwalo glaikojeni, na akiba hiyo, ambayo kwa mtu mzima hufikia nusu kilo hivi, hushikana na maji kiasi cha gramu tatu kwa kila gramu yake. Mtu anapoacha ugali ghafla, akiba hutumika na maji yake huishia chooni, hivyo karibu kilo mbili zinaweza kuaga kabla mafuta ya kiunoni hayajapata hata taarifa. Maji hayo hayana kinyongo: yakikaribishwa na pilau ya harusi moja ya Jumamosi, Jumatatu yamesharejea, na mfuasi aliyepanda mizani asubuhi hiyo huapa kwamba pilau imegeuka mafuta usiku kucha.

Maji yakishaondoka, kinachobaki ni hesabu, na kuhusu hesabu ukanda wa dhahabu una kisa chake kinachojulikana na kila mtu. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji nje wa makinikia, yaani mchanga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha uliokuwa ukipatikana baada ya mawe ya migodi kama Bulyanhulu na Buzwagi kusagwa na kuchenjuliwa, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Mei ya mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikaeleza kwamba dhahabu iliyomo ilizidi mara kadhaa ile iliyotangazwa, kampuni iliyomiliki migodi hiyo ikakana, na kwa miezi mingi haikuwa kazi kumpata, katika kijiwe chochote cha kahawa, mtaalamu wa kukadiria kilichomo ndani ya kontena ambalo hakuwahi kuliona. Tumbo la mfuasi aliyekwama ni kontena la namna hiyo. Hati zake zinasema mchicha, samaki wa kuchemsha na nusu parachichi, na hati hizo zimeandikwa kwa nia njema kabisa, lakini mtangazaji wa mzigo na mkaguzi wa mzigo ni mtu mmoja, tena mwenye njaa.

Kwamba nia njema haizuii tofauti lilipimwa zamani. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake mjini New York walichapisha uchunguzi wa watu kumi waliokuwa wakidai kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku, kalori ikiwa ni kipimo cha nishati inayotolewa na chakula, na wakakuta kwamba miili yao ilikuwa ikifanya kazi kama ya watu wengine, ila walitangaza pungufu ya walichokula kwa wastani wa asilimia 47 na kuzidisha mazoezi yao kwa asilimia 51.

Mzigo usiotangazwa katika Usukuma una majina yake. La kwanza ni michembe, yaani viazi vitamu vibichi vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, pamoja na ndugu yake matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza kabla ya kuanikwa. Kiazi kitamu kinaruhusiwa katika ulaji huu, tena kwa sifa, lakini zaidi ya robo tatu ya uzito wa kiazi kibichi ni maji, na kikishakauka, gramu kwa gramu, hubeba nishati inayokaribia mara nne ya ile ya awali. Sharti linaruhusu kiazi. Halikusema lolote juu ya jua la Shinyanga. Michembe nayo huzoeana na karanga, na hapa mfuasi msomi hujipongeza, kwani anafahamu kwamba karanga ni jamii ya kunde na zimepigwa marufuku, hivyo huziacha kwa ushujaa na kununua korosho, ambazo ni ghali zaidi na ambazo, kama zilivyo karanga, hukaribia kalori 550 kwa kila gramu mia. Asali ya Bukombe au Tabora huingia katika chai ya asubuhi na ya jioni, kila kijiko cha chakula kikiwa na kalori 60 hivi. Mafuta ya pamba, fahari ya ukanda unaolima zao hilo, hufukuzwa jikoni kwa kuwa yametoka kwenye mbegu, na mahali pake huwekwa samli, ambayo kwa masharti makali nayo haifai kwa kuwa imetoka kwenye maziwa, ila hupitishwa kwa sababu ina harufu ya nyumbani; na kijiko cha chakula cha samli hakipungukiwi na kile cha mafuta ya pamba kwa lolote, kwani vyote viwili huzunguka kalori 120.

Pombe ina mantiki ya namna yake. Kwa kuwa bia hutengenezwa kwa shayiri, na shayiri ni nafaka, wako wanaoiacha bia na kuhamia kwenye pombe kali wakijihesabia uchaji, ingawa binadamu wa kale hakuwa na mtambo wa kukeneka na gramu moja ya kilevi ina kalori saba popote itakapotoka. Chipsi mayai pia imepata watetezi, wakisema kwamba yai liliokotwa na kiazi kilichimbwa, na juu ya karai la mafuta lililowakutanisha wawili hao hawasemi kitu.

Ugumu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni mama lishe. Katika vibanda vilivyo karibu na makarasha, yaani mashine za kusagia mawe ya dhahabu, chakula hupimwa kwa kuangalia ukubwa wa mlaji, na mtu akisema hataki ugali huonekana amedhulumiwa, jambo ambalo mama lishe mwenye utu hawezi kuliacha lipite bila fidia. “Shemeji, ugali hutaki, basi nikuongezee nyama usije ukaanguka njiani,” husema, na mteja hujibu, “Ongeza kidogo tu, shemeji,” bila kutaja kidogo hicho ni kipi. Vipande viwili huwa vinne, mchuzi wenye macho ya mafuta humiminwa juu yake, na mteja huondoka akiwa ametii kila kifungu cha sheria na amekula kuliko jirani yake wa benchi aliyeagiza ugali dagaa.

Wahubiri wa ulaji huu ulimwenguni wanapotafuta mfano ulio hai, huwataja mara nyingi Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa bonde la Ziwa Eyasi, na mkazi wa Shinyanga angeweza kulipokea hilo kama habari za jirani, maana baadhi yao wamo wilayani Meatu, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Mwaka huohuo Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadzabe 30, wanawake 17 na wanaume 13, kwa kuwanywesha maji yaliyotiwa aina nzito za haidrojeni na oksijeni, ambazo tofauti ya kasi ya kupungua kwake mwilini, ikipimwa kwenye mkojo, huonyesha kiasi cha hewa ya kaboni kinachozalishwa na, kwa hiyo, nishati inayoungua. Wanaume hao hutembea kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake kama sita. Lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokwenda kazini kwa gari. Maelezo yanayotolewa na Pontzer ni kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingineko. Mfuasi wa mjini Shinyanga anayetembea kutoka Ibinzamata hadi sokoni kisha akajilipa mshikaki kwa kazi hiyo anafanya jema kwa moyo wake na mishipa yake, ila mshikaki ule haujaungua.

Watafiti wameandika pia kwamba Wahadzabe, wakiulizwa wapendacho kuliko vyote, hutaja asali, na mizizi huiweka mwisho. Hawanenepi kwa asali hiyo kwa sababu zinazoonekana kwa macho: iko juu ya mbuyu, haina duka la jumla, na ina nyuki wake ndani. Ya mfuasi wa mjini ina kifuniko cha kuzungusha. Aliyeazima orodha ya chakula cha porini bila kuazima uhaba wa porini amechukua nusu ya mkataba, tena ile nusu tamu.

Pembeni ya hoja, inafaa kuwakumbusha wanaoapa kwa jina la mababu kwamba fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, maarufu kama Zinjanthropus, ni la kiumbe ambaye meno yake, kwa vipimo vya kemia vilivyofanywa baadaye, yanaonyesha kuwa alikula zaidi nyasi na mafunjo. Kwa bahati njema ni wa ukoo wa pembeni, asije mtu akaanza kuuza majani hayo sokoni. Wale wanaosema kwamba mwili haujabadilika tangu zama hizo wana kazi ya kumweleza Msukuma na mtindi wake, kwani mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya sukari ya maziwa, miongoni mwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, uliletwa na mabadiliko ya vinasaba yaliyoenea katika miaka elfu saba hivi iliyopita, wakati mifugo ilipokuwa ikisambaa.

Mizani yenyewe ina makosa yake. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, punje ya dhahabu hupimwa kwa mizani nyeti isiyotaka hata upepo, na mwenye punje akitoka nje huenda akajipima stendi kwa shilingi chache juu ya mizani iliyowekwa kwenye kokoto, akiwa na gambuti miguuni, simu mbili mfukoni na supu ya makongoro tumboni, kisha akakata tamaa kwa sababu ya nusu kilo. Kipimo cha maana huchukuliwa asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwenye mizani ileile iliyokaa sakafuni, na kinacholinganishwa ni wastani wa wiki na wastani wa wiki nyingine, pamoja na kiuno kilichopimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Chakula huandikwa kabla ya kumezwa, mafuta hupimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa, michembe huhesabiwa ikiwa mikavu, na nyama ya fidia huandikwa kwa idadi ya vipande. Mara nyingi hapo ndipo mkwamo hupata maelezo. Usipopata, huenda ni wa halali, kwa kuwa mwili wa kilo 85 hutumia nishati pungufu kuliko ulipokuwa na kilo 95, na sahani iliyotosha kupunguza wakati ule sasa inatosha kubaki palepale. Tezi ya shingo iliyozembea na baadhi ya dawa pia huzuia uzito kushuka, na hayo ni ya daktari kuyachunguza; anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, anapaswa kumwona kabla hajaacha wanga, maana sukari yake inaweza kushuka kwa kasi ya hatari.

Uzito ukishaanza tena kushuka, huzuka shida ambayo vitabu vya Marekani havikuiona. Katika ukanda huu kunenepa ni dalili ya mambo kwenda vizuri, na kukonda huhitaji maelezo, ambayo ukoo huanza kuyatunga wenyewe: kwamba duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, limekosa mawe, au ndoa imeyumba, au kuna ugonjwa usiotajwa mbele ya watoto. Shangazi wa Kahama, akishapigiwa simu na watu wasiopungua watatu, hupanda basi la asubuhi akiwa na kuku hai wa kienyeji, debe la mchele na chupa ya samli, hukaa wiki nzima akipika, na hamwondolei mpwa wake macho mpaka sahani iwe tupu. Kuku yumo katika orodha ya vinavyoruhusiwa. Mchele haumo, lakini bado hajapatikana mfuasi mwenye ubavu wa kumweleza shangazi hilo.